Maneno Matatu ya Msomaji

Kabla ya kusoma alipangusa midomo. Alikuwa na leso nyeupe ya kazi hiyo tu, na aliipitisha polepole, upande huu kisha upande ule, kanisa zima likimngoja. Halafu alivaa miwani, akatutazama kwa juu yake mpaka kila mtoto akanyamaza, ndipo akaanza. Mahubiri niliyoyasikia utotoni pale Kitale nimeyasahau karibu yote. Sauti yake sijaisahau. Hata sasa, usingizi unaponikaribia, huja bila kuitwa, inasoma kitu ambacho maneno yake siyashiki, ila najua tu kwamba ni Isaya na kwamba nje kuna ukungu.

Tulimwita Msomaji. Bila shaka alikuwa na jina, na wale aliowafundisha somo la dini sekondari kabla hajastaafu walimwita Mwalimu, nami pia nilimwita hivyo tukiwa uso kwa uso. Lakini akiwa hayupo alikuwa Msomaji. Hata wasiokwenda kanisani walisema "dukani kwa Msomaji" walipotuma mtu akanunue mbolea, kwa maana baada ya kustaafu alifungua duka la pembejeo, na hapo ndipo nilipomjua zaidi kuliko kanisani. Duka lilinukia dawa ya mbegu, harufu kali yenye utamu ndani yake. Mahindi ya kupanda yalikuwa yamepakwa rangi ya waridi, na ukiingiza mkono ndani ya debe unatoka na vidole vya waridi kama vya malaika wa kwenye kalenda. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, mlima Elgon ulikuwa haujaonekana bado, mji mzima uko ndani ya ukungu mweupe kama maziwa, na yeye anasoma kwa sauti somo la Jumapili ijayo, mbele ya magunia.

Alikuwa na ulimi wa kwao Bungoma. L na R kwake zilikuwa ndugu waliovaa nguo za kuazimana. "Rete hiyo ndoo nikupimie," alizoea kumwambia mteja, na mteja aliyetoka Kabuchai wala hasikii tofauti. Lakini mbele ya mimbari ndogo ya kusomea kila herufi ilirudi kwake. Hakuwahi kukosea hata moja. Akishuka tu, kabla hajafika kwenye benchi lake, alishaanza kumnong'oneza jirani yake asogee "kule", na lilitoka "kure". Nilimuuliza siku moja anafanyaje.

"Sifanyi kitu," akasema. "Pale si mimi ninaongea."

Alisema hivyo kwa majivuno. Lazima niseme, alikuwa na majivuno. Aliipenda mimbari ile kama watu wengine wanavyopenda shamba. Mtu mwingine akipangiwa kusoma, alikaa mbele kabisa akimfuatia kwa kidole katika Biblia yake, na msomaji maskini akiruka neno, kidole kilisimama na kichwa kikainuka. Wengi waliacha kujitolea. Ndiyo sababu kwa miaka mingi hatukuwa na msomaji mwingine, na yeye alilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kutumika.

Alikuwa na mengine yasiyolingana. Alikataza Biblia za simu kanisani ("Itaita katikati ya Isaya, uanze kuongea na wakala wa pesa"), na mwenyewe alisoma kwenye simu kitandani kwa sababu maandishi yanaweza kukuzwa. Alisema Biblia nzima ina uzito mmoja, kuanzia jalada hadi jalada, lakini kitabu cha Waamuzi hakukipenda na kilipoangukia Jumapili alipata mafua. Kuhusu waraka wa Yakobo alisema, "Huyu anaongea kama mama mkwe. Kweli yote, lakini unatamani aende kwake." Alicheka, kisha akaniangalia haraka kuona kama nimekwazika.

Jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuwa ndoa yake. Mumewe, tuliyemwita Mzee, alikuwa Mkatoliki, dereva mstaafu wa matrekta ya kubeba miwa, mtu wa Kabuchai mwenye sauti nzito iliyoshika besi katika kwaya yao. Jumapili walitoka nyumbani pamoja, mwavuli mmoja, wakafika kwenye njia panda, wakaachana bila maneno, huyu kulia na yule kushoto. Misa ikiisha mapema, Mzee alisimama pale njia panda akimngoja. Nikiwa mdogo nilidhani ndoa zote ziko hivyo, kwamba kila familia ina mahali pa kuachana na mahali pa kukutana.

Nyumbani mwao zilikuwa Biblia mbili juu ya kabati la vyombo. Yake ina vitabu sitini na sita, ya Mzee sabini na vitatu.

"Yako imekonda, mama," Mzee alizoea kusema mbele ya wageni. "Mnailisha nini?"

"Yako imenenepa kwa sababu nyinyi hamjui kukataa kitu."

"Sisi hatujakataa. Nyinyi ndio mmekata."

"Hatujakata, tumerudi kwa orodha ya Wayahudi wenyewe."

"Na mitume walisoma ya Kiyunani, yenye hivi vyote. Mimi nakula na mitume, wewe kula na nani unataka."

Wageni walicheka, chai ikamiminwa. Mimi sikucheka sana. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikipokea ujumbe wenye nukta mwishoni nawaza nimekosa nini. Niliziangalia zile Biblia mbili, moja nene na moja nyembamba, na nikawaza: basi kuna mmoja kati ya hawa wawili anayemwita Mungu kwa maneno ambayo Mungu hakuyasema, au kuna mmoja aliyemnyamazisha Mungu katikati ya sentensi. Nao wanapeana sukari.

Sasa niseme juu ya kosa langu la masikio, kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa Msomaji, wala mimi.

Alitufundisha darasa la kipaimara, Jumamosi mchana, chini ya mabati yaliyokuwa yakilia kwa joto. Siku moja alifika kwenye somo la Biblia ilipatikanaje, na akasema, kwa uzito wote aliokuwa nao, kwamba tusije tukadanganywa na mtu. "Vitabu hivi havikuingia kwa kula," akasema. "Kula ilikuja baadaye sana." Nikaandika hivyo hivyo. Sikuona ajabu yoyote. Niliwaona wazee wenye ndevu ndefu wakiwa wameketi kwenye ukumbi mrefu wenye mwanga wa mishumaa, na mbele yao sahani, na katika kila sahani kitabu. Hawakuruhusiwa kula kwanza. Baadaye sana ndipo wakala. Na muda si mrefu Msomaji akasoma kanisani habari za Ezekieli kupewa kitabu akile, kikawa kitamu kinywani mwake, nikaona kila kitu kimekaa mahali pake. Niliishi na picha ile kwa miaka. Nilikuwa na amani nayo. Nilipofungua Biblia nilisikia kama harufu ya chakula.

Kisha nikaenda kusoma historia na dini kule Kibabii. Mhadhiri wetu alikuwa mtu mpole, muumini, na hakusema neno baya. Alitueleza tu jinsi ilivyokuwa: barua za Paulo zikinakiliwa na kupelekwa kanisa hadi kanisa, Injili nne zikizoeleka kusomwa pamoja, Waebrania na Ufunuo vikibishaniwa kwa vizazi, vitabu vingine vilivyopendwa na kusomwa hadharani vikiachwa njiani, na mwishowe maaskofu kwenye mikutano yao wakitamka orodha. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa hivyo walipiga kura?" Neno lile likanipiga usoni. Kura. Nilikaa pale na kalamu mkononi, ule ukumbi wangu wenye mishumaa ukizimika sahani moja baada ya nyingine.

Kwa wiki kadhaa sikulala vizuri. Niliona kama nimesimama kwenye sakafu na mtu amenionyesha misumari. Kama ni watu waliochagua, wangeweza kukosea. Kama wangeweza kukosea, nani anijulishe kwamba hawakukosea? Na Wahabeshi je, ambao vitabu vyao ni vingi kuliko vya Mzee? Likizo ilipofika nilikwenda dukani moja kwa moja, begi bado mgongoni.

"Mwalimu, ulikuwa unasema kura."

"Kula gani?"

"Darasani. Vitabu havikuingia kwa kura. Mimi miaka yote nilisikia kula. Kula ya mdomo."

Alinitazama kwa juu ya miwani. Kisha akaanza kucheka, akashika kaunta, akacheka mpaka leso ikatoka kwa matumizi yasiyo yake. "Na ukaandika hivyo? Kwa mtihani?"

"Ulinipa alama zote."

"Si mimi mwenyewe nirisoma nikaona sawa!" Akapangusa macho. Mteja aliyekuwa akingoja dawa ya kupe alicheka pia bila kujua kwa nini. Nilikuwa nimekaribia kulia, na nadhani aliona, kwa sababu alivuta kigoda akanikalisha.

"Sikiliza, mwanangu. Ulisikia vibaya, lakini hukuona vibaya. Hao watu walikuwa wanakula kwanza. Barua inafika, wanaisoma, wanashiba, wanaipeleka kwa jirani. Watoto wao wanazaliwa wanaikuta mezani. Wanauawa kwa sababu yake. Miaka mingi hivyo, na hakuna mkutano. Kama baadaye walipiga kura, walipiga wakiwa wameshiba."

"Lakini wengine walishiba vitu tofauti."

"Ndiyo."

"Sasa tutajuaje?"

Hapo alinyamaza. Alikuwa na tabia hiyo, na ni tabia niliyompendea na kumchukia: alipofika mwisho wa anachokijua, alisimama. Hakurusha maneno gizani. "Nipimie huyu mzee dawa yake," akasema, "amengoja."

Nilipomaliza chuo sikupata kazi, basi nikawa namsaidia dukani msimu wa kupanda. Watu wa huko wanapenda kubishana wakinunua. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuja kila mara kumchukulia mamake mbegu, alikuwa bingwa wa kuleta habari za mtandaoni.

"Sasa Mwalimu. Ati ni mfalme wa Roma alichagua vitabu vya Biblia, si nimeona kwa simu."

"Umeona ama umesoma?"

"Nimeona, bana. Jamaa anaeleza poa. Ati aliita mkutano, akasema hii ndani, hii nje."

"Mkutano huo haukuzungumzia orodha ya vitabu. Mfalme aliagiza Biblia zinakiliwe, akalipa. Mimi nikikununulia magunia ya kuweka mahindi, nimekupandia mahindi?"

"Hapana, lakini uko na usemi kwa store."

Msomaji alicheka. "Huyu angekuwa askofu," akaniambia.

Lakini kijana hakuwa amemaliza. Alichukua pakiti ya mbegu, akakwangua ile stika yenye namba unayotuma kwa simu kuhakikisha mbegu si bandia. "Hii je? Unaniambia mbegu ni mbegu. Basi kwa nini tunakwangua? Kwa sababu kuna wezi wanapaka mahindi ya kula rangi. Bila stika mamangu analia."

"Stika haifanyi mbegu iote."

"Lakini bila stika sijui itaota mpaka nipande, na shamba nimepoteza."

Nilimwona Msomaji akiigeuza ile pakiti mkononi. Nilitaka sana awe na jibu. Alisema tu, "Ndiyo maana nina zote mbili hapa, mbegu na stika," na akamrudishia chenji. Tulipofunga duka ukungu ulikuwa umerudi, taa za mji zimeota manyoya. Akasema kama anajisemea, "Huyo mtoto ana haki."

Mzee akaugua. Ilianza kama kikohozi, ikaishia kulazwa kule Lugulu, karibu na ndugu zake. Nilimsindikiza Msomaji mara moja kumwona. Sauti ile ya besi ilikuwa imebaki hewa tupu, lakini utani ulikuwa hai.

"Mama, mimi nikienda, utanisomea."

"Utapona."

"Sawa, nitapona. Nikienda baada ya kupona, utanisomea. Hekima, sura ya tatu. Nimewasomea wengine wengi, sitaki kusomewa na mtu anayekimbia."

"Hicho si kitabu chetu, Baba."

"Ni changu. Na ukimaliza, malizia kama tunavyomalizia."

Hapo nieleze kwa asiyejua. Kanisa letu na lao yalitofautiana kwa mengi, ila katika hili yalifanana: msomaji akifika mwisho wa somo husema, "Neno la Bwana," na watu huitikia, "Tumshukuru Mungu." Ni maneno matatu tu. Lakini Msomaji hakuwahi kuyatamka kwa kitu kisichokuwa kati ya vile sitini na sita. Vile saba vya Mzee alivisoma, najua, nilivikuta na alama za penseli yake. Alitufundisha kwamba ni vizuri kwa mafundisho ya maisha, visijengewe imani. Sasa mumewe alikuwa anamwomba asimame mbele ya watu aviite Neno.

Aliitikia kwa kichwa. Sijui alikuwa anaitikia nini. Mzee alifumba macho, na wiki ile ile akafariki.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu alifika dukani kabla ya mazishi. Alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mtu mkweli asiyependa makuu. Aliketi kwenye gunia.

"Mwalimu, pole tena."

"Asante, mzee."

"Tumesikia utasoma."

"Aliniomba."

"Kusoma si shida. Kwa matanga watu husoma hata gazeti. Shida ni utakachosema ukimaliza."

"Unafikiri sijui ninachosema nikimaliza?"

"Najua unajua, ndiyo maana nimekuja." Akavua kofia. "Wewe si mtu wa kawaida mbele ya hao watu. Wewe ni Msomaji. Ukisema kitabu hicho ni Neno la Bwana, kesho ataniletea mtu kitabu chake alichoota akiwa na homa, aseme pia ni Neno la Bwana. Nitamzuia na nini?"

Nilitaka amjibu vikali. Badala yake alimtazama kwa huzuni. "Hapo umesema kweli," akasema.

"Basi?"

"Basi sijui. Nimemwahidi mume wangu."

"Ukisema, hutapanda tena pale, Mwalimu. Wazee wameshakaa. Si mimi peke yangu."

Siku zile hakusoma asubuhi. Magunia yalikaa kimya.

Tulimzika Mzee Kabuchai, nyuma ya nyumba ya ndugu yake, mahali ambapo miwa inaanza. Mahema yalikuwa yamefungwa kwa kamba za bluu. Akina mama wa jumuiya yao walikaa mbele na vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja, sisi wa Kitale tulikaa kando, Mwenyekiti akiwa kati yetu, kofia magotini. Padri hakuwa na neno, alimwachia nafasi. Siku ile yote naikumbuka kama niliyoitazama kupitia maji. Miwa ilikuwa ikisema kitu kwa lugha yake ya majani makavu. Alipanda kwenye kile kisanduku walichokigeuza mimbari, akaifungua ile Biblia nene, akapangusa midomo.

Alisoma kipande kile kinachosema juu ya watu wenye haki, kwamba wajinga waliwaona wamekufa, kumbe wako salama mkononi mwa Mungu. Alisoma bila kukosa herufi. Hakulia. Alisoma polepole sana, kana kwamba kila neno lilikuwa chombo kimejaa hadi ukingoni na yeye amekibeba akivuka yadi. Kisha akafika mwisho.

Akanyamaza.

Nilimtazama mdomo. Ulikuwa umefumbwa. Mkono wake ulikuwa juu ya ukurasa. Nikahesabu moyoni, nikapoteza hesabu. Nikawaza amesahau, nikawaza ameogopa, nikawaza anamsaliti Mzee mbele ya jeneza lake, nikawaza akisema tu sasa atapoteza kila kitu, nikawaza asiposema atakipoteza vile vile. Padri aliinua kichwa. Miwa ikatulia.

Na kutoka miongoni mwa wale akina mama, mmoja, mzee sana, ambaye labda hakuona kwamba kuna lililokosekana, akasema, "Tumshukuru Mungu." Wengine wakamfuata, kisha mahema yote, kisha waliosimama nje juani, sauti ikasambaa polepole mpaka ukingo wa shamba. Msomaji alifunga kitabu na kushuka. Wapo wanaoapa kwamba Mwenyekiti naye aliitikia. Yeye husema alikuwa anakohoa.

Wazee walikaa tena. Hakutamka yale maneno, hilo lilikubalika. Lakini watu waliitikia, na yeye hakuwakatiza, na hilo liliwasumbua. Wakaamua asimame Jumapili moja aseme tu, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba alichosoma Kabuchai hakikuwa neno la Mungu. Akisema, arudi mimbarini siku ile ile. Alikataa. Akamwachia mpwa wake duka, akahamia Kabuchai kwenye kile kipande cha shamba la Mzee.

Mvua zilipokatika, Mwenyekiti akaja kwetu nyumbani. Alisema hawakuwa na msomaji. Mimi nimesoma dini, nilifunzwa na Msomaji mwenyewe, nisome Jumapili inayokuja. Sikulala. Siku iliyofuata nilikwenda Kabuchai.

Nilimkuta uani anapepeta maharagwe. Alikuwa amepungua, lakini nguo zake zilikuwa zimepigwa pasi kama za Jumapili.

"Mulembe, mayi," akanisalimu kwa kwao, yaani amani, mama, akanionyesha kiti. "Umekonda. Umekuja na nini cha kuniuliza?"

"Wameniomba nisome."

Ungo ukasimama kidogo, ukaendelea. "Na umekuja nikwambie ndiyo ama nikwambie hapana?"

"Sijui, Mwalimu."

"Wewe kila kitu hujui. Huo ndio ugonjwa wako."

Nikamwambia yote. Kwamba kukalia kiti chake ni kama wizi. Kwamba tangu Kibabii sina hakika, kwamba kuna siku naamini na kuna siku naona watu tu na kalamu zao. Nikisema yale maneno na moyo wangu haujatulia, si ni uongo?

"Kwani ni maneno ya moyo wako? Nikikutuma kwa mpwa wangu, utamwambia umetumwa na nani. Hatakuuliza unajisikiaje."

"Lakini wewe ulinyamaza."

Alitoa maharagwe mabovu, moja moja. "Ndiyo."

"Ulisahau? Uliogopa?"

"Sikuwa najua," akasema. "Nilipanda pale nikiwa sijui. Nikasema nitajua nikifika mwisho. Nikafika mwisho na bado sijui. Sasa mtu asiyejua afanye nini? Nikasubiri nisikie."

"Na sasa unajua? Ni sitini na sita au ni sabini na vitatu?"

"Mimi bado nasema sitini na sita. Nitakufa nikisema hivyo, na Mzee atanicheka."

"Basi si useme tu, Mwalimu! Ni sentensi moja. Wakurudishie mimbari yako."

Hapo alikasirika, kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika kweli. "Nikaseme nini? Wale akina mama walimshukuru Mungu juu ya mume wangu. Niende Kitale nikawaambie watu walishukuru bure? Mwenyekiti ana kazi yake ya kulinda mlango, simlaumu, na mimi ningekuwa yeye ningefunga vile vile. Lakini hilo siwezi kusema. Silijui kiasi cha kulisema." Akashusha pumzi. "Naitamani mimbari ile mpaka naiota. Naota nimefungua kitabu na kurasa ni nyeupe, na watu wananingoja, na sina wasiwasi wowote."

Kuku walipita kati yetu. Jua lilikuwa limelala juu ya miwa, vumbi la dhahabu likisimama hewani bila kuanguka, na kwa muda sikuwaza chochote, jambo ambalo hunitokea kwa nadra.

"Somo la Jumapili ni lipi?" akauliza.

"Waebrania."

"Hiyo haijulikani hata iliandikwa na nani," akasema, na akatabasamu. "Soma nikusikie."

Akaingia ndani, akaniletea ile Biblia yake nyembamba. Nikasimama kwa sababu alinitazama mpaka nikasimama. Nikasoma. Alinikatiza mapema, "Unasoma kama mtu anayefukuzwa," nikaanza upya. Hakunifuatia kwa kidole, mikono yake ilibaki ndani ya ungo. Nilisoma polepole, na katikati nikaacha kujisikiliza, yale maneno yakawa yanapita kwangu yakielekea mahali pengine. Nikafika mwisho. Nikasimama pale uani na kitabu wazi, yeye akiwa ameinamisha kichwa, hanisaidii.

"Neno la Bwana," nikasema.

Aliweka ungo chini. Katika miaka yote niliyomjua, mbele ya watu, yeye ndiye aliyekuwa akisema na sisi tukimjibu.

"Tumshukuru Mungu," akaitikia. Kisha akainama kuchukua maharagwe yake. "Jumapili useme kwa nguvu. Nyuma kule kuna wazee hawasikii."